Israeli ya Kale Ikisomwa Kutoka Ungoni

Ukimuuliza mzee wa Kingoni wa Maposeni au Likuyufusi asili ya watu wake, ataanzia mbali: kusini kabisa mwa Afrika, katika vurugu za enzi za Shaka, kisha safari ndefu nyuma ya Zwangendaba, kisha mto Zambezi. Mto huo ulivukwa tarehe 20 Novemba 1835. Tarehe tunaijua kwa sababu jua lilipatwa siku hiyo, na wanafalaki wanaweza kurudisha hesabu nyuma hadi siku yenyewe. Zwangendaba hakuiona Songea. Alifia Ufipa yapata mwaka 1848, kundi likagawanyika, na sehemu moja iliyoongozwa na Zulu Gama ikazunguka mashariki mwa Ziwa Nyasa ikishuka kusini hadi nchi tunayoiita Ungoni.

Msomaji wa Biblia ataitambua mara moja sura ya hadithi hii. Watu wanakimbia utawala wa mabavu, wanavuka maji penye ishara ya kutisha, na aliyewaongoza anafia njiani kabla ya nchi kupatikana. Hata hivyo kufanana huku siko kulikonifanya niandike. Kuna jambo jingine ndani ya historia ya Songea linalotusaidia kuielewa Israeli ya mwanzo kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia, nalo ni hili: wengi wa wanaoisimulia safari ya Zambezi leo, babu zao hawakuvuka Zambezi.

Walioingia Ungoni katikati ya karne ya 19 walikuwa wachache. Waliowakuta walikuwa wengi: Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, na kaskazini zaidi Wabena. Vijana waliotekwa waliingizwa katika vikosi vya kivita, wakalelewa kwa nidhamu ya wageni, wakapata ng'ombe na wake kutokana na vita, na baada ya kizazi kimoja wakajiita Wangoni. Tofauti haikufutika kabisa, maana walioungwa hivyo waliitwa sutu, na ndani ya dola kila mtu alijua nani ni wa ukoo uliotoka kusini na nani aliongezwa njiani. Ila ushindi wa hadithi ulikuwa kamili. Lugha ikaenda upande wa pili: Kingoni kinachosemwa Songea kimekaa karibu sana na lugha za wenyeji, na alichokiacha Mzulu ndani yake ni vyeo kama nkosi (mfalme) na nduna (kiongozi aliye chini yake), majina ya koo, na maneno machache. Wachache walitoa kumbukumbu na ufalme. Wengi walitoa lugha, mashamba, na sehemu kubwa ya damu.

Sasa twende Kaanani. Maandishi ya kale kuliko yote yanayotaja jina la Israeli ni jiwe la farao Merneptah, lililochongwa yapata mwaka 1208 KK na kufukuliwa Thebes, Misri, mwaka 1896. Farao anajisifu kwamba ameiangamiza Israeli. Mwandishi wake aliweka kando ya jina hilo alama inayotumika kwa watu, si ile ya nchi yenye miji kama alivyofanya kwa majina mengine jirani. Kwa hiyo walikuwako, walikuwa na jina, lakini hawakuwa na dola.

Miongo michache ya utafiti katika milima ya kati ya Palestina imeonyesha watu hao waliishije. Kuanzia karibu mwaka 1200 KK vijiji vipya zaidi ya 200 vilizuka kwenye vilele na miteremko ambayo kabla ya hapo ilikuwa karibu tupu. Vilikuwa vijiji vidogo, visivyo na kuta za kujilinda, visivyo na ikulu, visivyo na hekalu kubwa. Nyumba zilifanana kwa ukubwa, nafaka ilihifadhiwa katika mitungi mikubwa, na mifupa ya nguruwe ni nadra kupatikana. La kushangaza ni kwamba vyungu vyao ni mwendelezo wa vyungu vya Wakaanani, na Kiebrania chenyewe ni ndugu wa damu wa lugha za Kikaanani. Wachimbaji walitafuta alama za umati mkubwa uliohamia kutoka Misri, wakakuta wakulima na wafugaji ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wenyeji.

Hapo ndipo wengi hukwama. Wengine husema basi safari ya Kutoka ni uzushi mtupu. Wengine huzikataa koleo za wachimbaji kwa hofu ya kupoteza imani. Mtu wa Songea hana sababu ya kukwama, kwa kuwa njia ya tatu anayo nyumbani kwake. Wapo wataalamu wa Biblia wanaoona kwamba kumbukumbu ya Misri ililetwa na kundi dogo lililotoka huko kweli, likakutana na wenyeji wa milimani, na simulizi la wachache likapokelewa na wote kuwa la wote. Ungoni inathibitisha kwamba jambo la namna hiyo hutokea, tena kwa haraka, ndani ya maisha ya mtu na mwanawe. Haithibitishi kwamba ndivyo ilivyokuwa Kaanani. Inaondoa tu dhana kwamba hadithi ya taifa ni lazima iwe ya damu ya kila mtu ndipo iwe ya kweli.

Kundi hilo dogo, kama lilikuwako, lilileta pia jina la Mungu, yaani Yahwe. Jina Israeli limebeba ndani yake El, na El alikuwa mkuu wa miungu ya Wakaanani, anayejulikana vizuri kutokana na mabamba ya udongo ya mji wa Ugarit, pwani ya Syria, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1929. Kama watu hao wangekuwa wa Yahwe tangu asili, tungetarajia jina lao libebe jina lake. Yahwe anaonekana kutoka kwingine. Nyimbo za kale kabisa ndani ya Biblia, ukiwemo ule wa Debora katika Waamuzi, zinamwona akija kutoka kusini, Seiri na Edomu, nchi ya jangwa na mawe. Na katika hekalu la Soleb, lililojengwa na farao Amenhotep III katika karne ya 14 KK, kuna orodha ya wafugaji wa jangwani iliyotaja nchi yenye jina ambalo wataalamu wengi wanaliona kuwa ndilo Yahwe. Soleb iko Sudan, ukingoni mwa Nile. Ushahidi wa kale kuliko wote wa jina hilo, kama usomaji huo ni sahihi, umesimama katika ardhi ya Afrika, na ningetamani kila katekista wa jimbo hili alijue hilo.

El na Yahwe waliishia kuwa mmoja. Haikuwa kazi ya siku moja, wala haikupitia vita kama ile iliyopiganwa dhidi ya Baali. Sifa za El, mzee mwenye huruma akaaye juu ya baraza la mbinguni, zilihamia kwa Yahwe, mpiganaji wa jangwani. Waumini wa Songea wanaomwita Mungu kwa jina la wenyeji, Chapanga, katika sala za Kikristo wamepita njia inayokaribiana na hiyo bila kuona ajabu yoyote.

Sasa ufalme. Hapa Wangoni wanatuacha kidogo, kwa maana wao walifika na ufalme ukiwa tayari, na vikosi vyake na sheria zake. Israeli haikuwa hivyo. Kwa takriban miaka 200 vijiji vile vya milimani viliishi bila mfalme, vikiongozwa na wazee wa koo, na hatari ilipozidi aliinuka mtu wa kuwaita watu vitani, kisha akarudi kwake. Kitabu cha Waamuzi kimehifadhi kumbukumbu ya chuki kali dhidi ya ufalme. Gideoni anaukataa. Mwanawe Abimeleki anautwaa kwa kuwaua ndugu zake, na Yotamu aliyenusurika anapanda mlimani kuwasimulia watu wa Shekemu jinsi miti ilivyotafuta mfalme: mzeituni, mtini na mzabibu ikakataa kwa kuwa ilikuwa na kazi ya maana, ukakubali mti wa miiba.

Mfano wa karibu zaidi kwa hilo ni majirani zetu wa kaskazini. Uhehe ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa utitiri wa watemi wadogo. Munyigumba aliwaunganisha wakati ambapo shinikizo la majirani wenye vikosi, Wasangu na Wangoni, lilikuwa limefanya kila utemi ujione mdogo. Alipokufa, mwanawe Mkwawa alirithi dola iliyoweza kupigana na Wangoni kuanzia 1878 hadi 1882 bila upande wowote kumvunja mwingine. Waliotaka kusalimika mbele ya mfalme iliwabidi wawe na mfalme. Milimani mwa Kaanani shinikizo lilitoka kwa Wafilisti, watu waliofika kwa bahari yapata mwaka 1175 KK na kushika Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi. Sauli anazaliwa kisiasa kutokana na hofu hiyo, na anafia vitani akipambana na haohao.

Sura ya nane ya Samweli wa Kwanza ndiyo ningependa isomwe taratibu. Watu wanaomba mfalme, na Samweli anawatajia gharama: atachukua wana wenu awaweke kwenye magari ya vita, mabinti zenu wampikie na kumtengenezea manukato, mashamba yenu bora awape watumishi wake, na sehemu ya kumi ya mazao na mifugo. Aliyeandika hayo alikuwa amekwisha kuona mfalme akifanya hivyo. Ungoni ya miaka ya 1880 ingeyaelewa neno kwa neno. Nkosi aliishi kwa kugawa. Mateka, ng'ombe na pembe za ndovu viliingia kwake na kutoka kwake kwenda kwa manduna, na ziada ikashuka na misafara hadi Kilwa. Mfalme asiye na cha kugawa hupoteza manduna. Ndiyo maana Wajerumani walipojenga boma Songea mwaka 1897, wakazuia uvamizi na kuleta kodi ya kibanda, waliung'oa ufalme mzizi bila kumwondoa mfalme hata mmoja kwenye kiti chake.

Ungoni ilikuwa na falme mbili. Mshope upande wa kaskazini, ya ukoo wa Tawete, na Njelu upande wa kusini, ya ukoo wa Gama. Zilikuwa na asili moja, hazikuwa na kiti kimoja. Israeli na Yuda zilikaa vivyo hivyo, kaskazini na kusini, na Biblia inasema zilitengana baada ya kifo cha Sulemani. Juu ya ukubwa wa dola ya Daudi na Sulemani wanaakiolojia bado wanabishana vikali. Kuwako kwa Daudi mwenyewe ni vigumu kukukana tangu mwaka 1993, lilipopatikana Tel Dan jiwe la karne ya 9 KK ambamo mfalme wa Waaramu anajigamba kuishinda nyumba ya Daudi. Yuda ilikuwa ndogo na maskini. Dola yenye nguvu ilikuwa ile ya kaskazini: mwaka 853 KK Waashuru waliandika kwamba Ahabu aliwakabili akiwa na magari ya vita 2,000 na askari 10,000, idadi ambayo huenda waliikuza, lakini haiandikwi kwa mfalme wa kijijini. Kaskazini ikaanguka mwaka 722 KK. Waliobaki na kalamu walikuwa watu wa kusini, ndiyo sababu Ahabu, mfalme mkubwa kwa kipimo cha dunia ya siku zile, amebaki katika vitabu vya Wafalme kama mtu wa shamba la Nabothi na mume wa Yezebeli.

Madhabahu na kiti vilifungamana kila mahali. Yeroboamu wa kaskazini hakutaka watu wake waende kuabudu Yerusalemu, kwa mfalme mwingine, akaweka ndama za dhahabu Betheli na Dani. Waandishi wa Yuda wanaita hiyo dhambi ya dhambi zote. Lakini huenda Yeroboamu hakuwa anazua dini mpya: El aliitwa fahali huko Ugarit, na sanamu ndogo ya shaba ya fahali, ya karne ya 12 KK, imepatikana juu ya kilima katika milima ya Samaria, penye mahali pa ibada pasipo na nyumba. Na huko Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, kuna maandishi ya karibu mwaka 800 KK yanayowabariki watu kwa Yahwe wa Samaria na Ashera wake, jina la mungu wa kike. Dini ya watu wa kawaida ilikuwa na mahali pa juu pengi, mawe yaliyosimikwa, na sanamu za kike nyumbani.

Wafalme wawili wa Yuda waliamua kuyafuta hayo. Hezekia alivunja nyoka wa shaba ambaye watu waliamini Musa mwenyewe alimtengeneza. Yosia, mwaka 622 KK, kitabu cha sheria kilipopatikana hekaluni, alimtoa Ashera ndani ya hekalu lenyewe, akabomoa madhabahu za vijijini na kupachoma moto mahali pa juu pa Betheli. Ibada ikabaki mahali pamoja, karibu na ikulu.

Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, kilomita zipatazo 24 magharibi mwa Songea. Nkosi wa Njelu, Mputa Gama, alikuwa na kibanda cha mahoka, mahali pa mizimu ya wafalme waliomtangulia, ambapo nkosi aliwaombea watu wake wote. Miaka michache kabla ya vita vya Majimaji padre mmoja Mbenediktini alikichoma moto kibanda hicho. Padre aliwasoma Wafalme wa Pili, na bila shaka alijiona upande wa Yosia. Lakini Yosia alikuwa mfalme wa watu wake, na moto wake uliongeza uzito wa kiti chake. Moto wa padre ulikichoma kiti. Kwa mtu wa Njelu, mahoka hawakuwa imani ya mtu mmojammoja inayoweza kubadilishwa kwa ubatizo. Walikuwa ushahidi kwamba Mputa ana haki ya kutawala. Septemba 1905, vita vilipofika, watu wa Mputa waliichoma misheni ya Peramiho.

Vita vyenyewe vililetwa na sauti isiyo ya kiti. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amepagawa na pepo Hongo, akawapa watu maji ya kuwakinga na risasi, naye akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 kabla ya Ungoni kuingia vitani. Wajumbe wake waliendelea. Omari Kinjala ndiye aliyeyaleta maji Ungoni, na simulizi za huku zinamtaja Mkomanile, nduna mwanamke wa Kitanda, kuwa miongoni mwa wa kwanza kuyapokea. Chabruma wa Mshope akakubali. Hebu tufikirie uzito wa hilo. Nkosi, mwenye waganga wake wa vita na mahoka wake, anapokea dawa ya pepo asiye wa ukoo wake kutoka kwa mtu asiye na ng'ombe wala kikosi. Israeli iliwajua watu wa namna hiyo. Samweli alimpaka Sauli mafuta kisha akamkana. Ahiya wa Shilo alirarua vazi vipande 12 na kumpa Yeroboamu kumi. Elisha alimtuma kijana kumpaka Yehu mafuta kwa siri, na ukoo wa Ahabu ukaangamizwa. Nabii hakuwa mtumishi wa mfalme, na wafalme wenye akili walimwogopa kwa sababu hiyo.

Manabii wa Israeli waliokumbukwa zaidi ni wale ambao maneno yao ya hasara yalitimia. Kinjikitile anakumbukwa ingawa maji hayakuzuia risasi, na nadhani ni kwa kuwa aliwapa Wangindo, Wamatumbi, Wangoni na wengine kiapo kimoja ambacho hakuna nkosi aliyekuwa amewahi kuwapa.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Ungoni hapa Songea, Mputa na Mkomanile wakiwa miongoni mwao. Siku chache baadaye wakamnyonga nduna Songea Mbano, ambaye mji umebaki na jina lake. Wazao wake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea kuwaomba msamaha. Baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa kabla ya kupanda kwenye kitanzi. Chabruma alikimbilia upande wa Wareno na kuuawa huko. Kibanda cha mahoka kilikuwa kimekwisha kuchomwa; sasa kiti na jeshi vilikufa katika miezi michache.

Yerusalemu ilipoanguka mwaka 586 KK hali ilikuwa hiyohiyo: hekalu majivu, mfalme Sedekia kupofushwa, wana wake kuchinjwa mbele yake. Mfalme aliyetangulia, Yehoyakini, alikuwa tayari mateka Babeli, na mabamba ya udongo ya huko yanaonyesha mgao wa mafuta aliopewa yeye na wanawe. Kitabu cha Wafalme kinaishia hapo, mfalme akila kwenye meza ya aliyemshinda. Ungoni ilipata wafalme wa namna hiyo chini ya Waingereza, wakilipwa mshahara na serikali ya kikoloni, hadi sheria ilipoondoa utawala wa machifu Tanganyika mwaka 1963.

Tofauti kubwa iko kwenye kalamu. Wayahudi walioshindwa waliandika wenyewe. Walikusanya orodha za wafalme, nyimbo, sheria na maneno ya manabii, wakajiuliza kwa nini Mungu aliruhusu, na wakawashtaki wafalme wao wenyewe kwa ukali ambao hakuna mshindi angeuweza. Katika kazi hiyo Yahwe aliacha kuwa Mungu wa mji mmoja na kiti kimoja. Historia ya Wangoni tuliyo nayo kwa urefu iliandikwa na padre Elzear Ebner, Mbenediktini mwenye bidii na heshima kwa wazee aliowahoji. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaja kuwahoji watu waliokuwa na umri wa kukumbuka vita, na mengi wameyaokoa, hasa ya mapigano na ya mateso. Upande wa mahoka umeguswa kidogo tu. Nani aliingia kibandani, kwa maneno gani, nini kilisemwa pale siku moto ulipowaka, na mahoka wa wafalme walikwenda wapi baada ya 1906 wakati wajukuu zao walipokuwa wanajifunza katekisimu: hayo yangali katika koo za Gama na Tawete, na kitabu chake ningependa kiandikwe na mtu wa humo.